Nguo Kumi na Mbili za Barafuni

Umri wake siujui. Niliwahi kumuuliza mara mbili, miaka mitatu ikiwa imepita kati ya swali na swali, na mara ya pili miaka yake ilikuwa imepungua. Alikozaliwa, ukoo wake na njia iliyomfikisha Brussels alinisimulia vipande vipande, kila mara kwa namna nyingine, kwa hiyo hayo nayaacha. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe katika karakana moja kando ya mfereji, Molenbeek, ambako mimi nilikuwa mtunza stoo na yeye alikuwa mkaguzi.

Karakana yetu ilishona nguo za maji baridi. Usidhani ni nguo za kuogelea. Ni vazi zima la kitambaa kizito chenye mpira, kuanzia shingoni hadi kwenye buti, lenye zipu isiyopitisha maji. Baharia akianguka huko kaskazini bila vazi hilo, vidole vinagoma ndani ya dakika chache, kisha mikono, kisha moyo. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye meli za doria: zile zinazozunguka visima vya mafuta mbali na pwani, zinazosimamisha meli za uvuvi ili zikaguliwe, na zinazopanda juu kabisa mpaka penye barafu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati nchi nyingi za kaskazini zilianza kuagiza meli za aina hiyo, na sisi watu wa nchi za joto tukapata kazi ya kuwavisha mabaharia wao.

Karakanani wote walimwita Maman Contrôle, yaani Mama Ukaguzi. Hata mkurugenzi, Mbelgiji mrefu aliyekuwa na tabia ya kubofyabofya kalamu, alimwita hivyo siku alizokuwa radhi naye. Mimi namwita Mkaguzi, maana ndilo neno lililokuwa juu ya safu ya mwisho ya daftari, mahali pa kutia sahihi.

Kazi yake aliifanya hivi. Nguo ikitoka kwa wabandika gundi, aliziba shingo na mikono kwa vizibo vya mbao, akaijaza hewa kwa pampu hadi ikasimama kama mtu mnene asiye na kichwa, kisha akapaka maji ya sabuni juu ya kila mshono. Penye tundu, hata dogo kuliko ncha ya sindano, hutoka kiputo. Kampuni ilinunua sabuni maalumu kwa shughuli hiyo. Yeye aliikataa tangu wiki ya kwanza. Aliomba ndoo tupu ya mayonezi kwa muuza chipsi wa jirani, akawa anakwangua ndani yake sabuni ya kipande ya kufulia, anaikoroga na maji ya uvuguvugu mpaka inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa.

"Sabuni ya bureau inapenda kujionesha," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, kilichochanganyika na Kifaransa. "Inatoa povu mingi, tundu inajificha. Miye nataka sabuni yenye kunyamaza."

Baada ya sabuni lilikuja shavu. Alizima redio ya karakana bila kumwomba mtu ruhusa, akaifuta nguo, akapitisha shavu lake la kushoto karibu na mshono, polepole, kuanzia kwapani hadi kifundoni. Alisema hewa inayotoka kwenye tundu dogo ni baridi kuliko hewa ya chumba na shavu linaijua. Niliwahi kujaribu. Sikusikia kitu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa macho.

"Wewe Tanzanie," alisema, "shavu yako inafanana na Kiswahili yako. Ya redio. Safi, lakini haisikie kitu."

Hilo ndilo jina alilonipa, Tanzanie, na sikuwahi kulipinga. Mimi nilimwita mama.

Lakini jambo lililomtofautisha na wakaguzi wengine wote niliowaona baadaye ni kwamba hakutia sahihi siku ya kwanza. Nguo ikishapita, aliitundika katika stoo yangu siku saba. Siku ya nane aliishusha, akaipima tena upya, na hapo tu ndipo alipochukua kalamu. Hiyo aliita kulala. Kanuni za kampuni zilitaka kipimo kimoja. Mkurugenzi alihesabu siku hizo saba akaona ni siku za bure, lakini kwa miaka mingi hakuna nguo iliyorudishwa na mteja, kwa hiyo alinyamaza.

"Gundi ya siku ya kwanza ni kama bwana arusi," Mkaguzi alisema. "Inakubali yote. Alors, muache ilale. Ikiamuka tutaona."

Juu ya tangi la maji tulilotumia kwa majaribio palikuwa na picha kubwa ya meli ya doria, zawadi ya mteja mmoja. Meli ya kijivu, pua yake nene iliyotengenezwa kupasua barafu nyembamba, uwanja wa helikopta nyuma, mzinga mmoja mbele uliofunikwa kwa turubai. Wageni waliotembelea karakana walikuwa wakiutazama mzinga. Mkaguzi aliniuliza siku moja hizo boti mbili ndogo za mpira zilizoning'inia ubavuni ni za nini. Nikamweleza nilivyosoma: meli ikitaka kukagua chombo kingine, boti hizo hushushwa zikiwa na watu sita au saba, zinakwenda kwa kasi katika mawimbi, na mabaharia wanaruka kushika ngazi ya chombo cha wenyewe.

Alisogea karibu na picha, akaweka kidole kwenye boti mojawapo.

"Donc batu yangu njo hawa," alisema. "Wengine wako ndani, wanakunywa kahawa."

Tangu siku hiyo, alipokuwa akikataa nguo, hakusema inavuja. Alisema, "Huyu hafike kwa ngazi."

Aliwahi kuja ofisa wa jeshi la majini kutoka nchi moja ya kaskazini, kijana mwenye ndevu nyekundu, kuangalia mzigo wao. Mkurugenzi alimtembeza, akamwonesha mashine, akamfikisha kwa Mkaguzi na kumsifu kidogo. Mkaguzi alimuuliza kwa Kifaransa meli yake inalinda nini huko juu, maana kwenye ramani aliona weupe mtupu.

"Samaki," akasema ofisa. "Mafuta. Na watu wanaopotea."

"Na nani anataka kuiba barafu?"

Ofisa akacheka, akasema swali hilo huulizwa hata na mama yake. Ndipo Mkaguzi akamwambia avae. Akaleta nguo ya kipimo chake, akaivuta zipu mwenyewe hadi kidevuni kama anavyovalishwa mtoto wa shule, akamwelekeza kwenye tangi. Asubuhi hiyo alikuwa amemwaga humo magunia mawili ya barafu aliyoomba kwa wauza samaki. Mkurugenzi alianza kubofya kalamu. Ofisa aliingia, akalala chali, maji yakamfika masikioni. Mkaguzi akavuta kiti, akakaa na saa yake mkononi.

"Kama unataka kulia, papa, lia sasa," alimwambia. "Huko hakuna mutu wa kukusikia."

Alimweka humo muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Alipomtoa alimwamuru avue soksi, akazishika moja baada ya nyingine, akazikamua. Hazikutoa tone. Aliyafanya haya yote bila tabasamu, na ofisa aliondoka akiwa amempigia saluti. Mkurugenzi alikisimulia kisa hicho kwa wateja miaka iliyofuata, na katika simulizi yake wazo lilikuwa lake.

Wala usidhani alikuwa mtu wa maji. Mkaguzi aliyaogopa. Hakuwahi kupanda meli yoyote, hata ile ya watalii kwenye mfereji. Siku karakana ilipotupeleka pwani kwa basi, alikaa mkahawani kutwa nzima, kaipa bahari mgongo, akisema upepo wake una adabu mbaya. Alivaa sweta mbili mwezi wa Julai. Kazini alichelewa kila siku, kila siku kwa dakika zilezile, na mtu akimkumbusha saa alijibu kwamba nguo zake zinalala siku saba, yeye akilala robo saa zaidi ni neno gani.

Alikuwa na mwiko juu ya sahihi yake, lakini juu ya mabaki ya kitambaa hakuwa na mwiko wowote. Vipande vya mpira laini vilivyobaki mezani kwa wakataji vilipitia kwenye mkoba wake na kutokea Molenbeek nzima: vishikio vya sufuria, soli za ndara, mkeka wa kuswalia wa bibi mmoja mwenye magoti mabovu. Mimi ndiye niliyeandika vipande hivyo kuwa taka. Nilipomwambia kwamba huo ni wizi mdogo, alinishangaa kweli. "Ile inaenda kwa poubelle," alisema. "Sasa poubelle njo iko na haki kuliko maman ya magoti?"

Mkono wake wa kukagua haukupumzika hata nje ya kazi. Nilifuatana naye mara kadhaa hadi mtaa wa Ixelles, kwenye maduka ya vyakula ya Waafrika, na kila mara nilijuta. Alifungua mafungu ya sombe, yaani kisamvu, akanusa katikati, akaigonga mihogo na kusikiliza. Muuzaji mmoja, kijana wa Kinshasa, alimwambia kwamba hili ni duka, si hospitali.

"Njo maana wagonjwa hawaponi," alimjibu, na kuendelea kugonga.

Kwenye msiba aliwahi kukagua mishono ya sanda. Siandiki hilo kwa kumcheka. Alikuta mahali pamoja pamelegea, akaomba sindano, akapashona, na hakumwambia mfiwa.

Sasa nifike kwenye zile nguo kumi na mbili.

Ilikuwa majira ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Mteja aliagiza nguo arobaini kwa meli mpya ya doria iliyokuwa ikijiandaa kwenda barafuni, na tarehe ya kuondoka ilikuwa haisogezeki. Kama tungefikisha mzigo huo kwa wakati, tungepewa na wa meli ya pili. Kama tungechelewa, karakana ingekosa kazi ya mwaka mzima, na sisi tulikuwa watu kumi na tisa. Mkaguzi alipima nguo zote arobaini mara ya kwanza na zote zikapita. Akazitundika stoo zilale.

Vyumba vya karakana vilikuwa na unyevu na nguo zilikuwa bado zina maji ya sabuni. Niliogopa zisipokauka siku ya nane atasema hazipimiki, na tutachelewa. Basi nikafanya jambo ambalo mtu wa nchi ya baridi asingelifanya. Mimi niliyekulia mahali ambapo kitu kilicholowa huanikwa kwenye joto na hadithi ikaisha, nilichukua nguo kumi na mbili za upande wa ukutani nikazilaza juu ya radieta, yale mabomba ya kupasha chumba, miguu ikigusa chuma. Ziliwekwa hapo siku mbili. Kisha nikazirudisha kwenye vitundikio na sikumwambia mtu. Wakati huo sikuona cha kusema.

Siku ya nane alizishusha. Nguo ishirini na nane alizitia sahihi. Kumi na mbili zilitoa viputo kifundoni, pale ambapo mguu wa nguo unaunganishwa na buti. Viputo vidogo, vya polepole. Alizipima tena mchana, kisha asubuhi iliyofuata. Akaja stoo.

"Tanzanie. Hizi nguo zililala vizuri?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Gundi ile haikupenda moto. Ilitosha kusema sentensi moja.

"Zililala vizuri, mama," nikasema.

Akaniamini. Hilo ndilo ambalo baadaye halikunipa usingizi: kwamba mtu aliyeigonga mihogo ya kila duka la Brussels alinisikiliza mimi akaniamini mara moja.

Mkurugenzi alishuka kutoka ofisini kwake. Walizungumza Kifaransa mbele yetu sote, nami naandika walivyosema.

"Zilipita mara ya kwanza," alisema mkurugenzi. "Kanuni inataka mara moja."

"Zilipita. Sasa hazipiti."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Kama hujui kwa nini, labda ni hiyo sabuni yako ya kufulia."

"Ishirini na nane zimepakwa sabuni hiyohiyo, kutoka ndoo hiyohiyo."

"Ni viputo vidogo. Nguo hizi pengine hazitavaliwa hata mara moja."

"Basi wape mifuko ya plastiki. Nayo haitavaliwa."

Mtu mmoja alicheka nyuma kisha akajuta. Mkurugenzi aliuweka mkono juu ya daftari na kusema kwamba gari linakuja kesho saa nne, na kwamba mkaguzi asiyetia sahihi hana kazi ya ukaguzi. Mkaguzi alimwambia kwamba nguo kumi na mbili zinaweza kubanduliwa buti na kubandikwa upya kwa siku tisa, yeye atakuja na Jumapili. Meli haingoji siku tisa, mkurugenzi akasema. Mkaguzi akafunika kalamu yake.

Mchana huo walimjia wenzake. Aliyetangulizwa ni mbandika gundi mkuu, mzee wa Lubumbashi tuliyemwita Tonton, mtu mpole ambaye gundi ilikuwa imemla kucha.

"Maman," alisema, "tuko na batoto. Tuko na nyumba za kulipia. Weka sahihi, c'est tout. Mungu anaona moyo yako."

"Na ule wa mu boti, Tonton? Yeye ni mutoto ya nani?"

"Pengine hatawahi kuanguka."

"Pengine. Alors, wewe uandike pale: pengine. Uweke jina yako. Miye nitakushikia daftari."

Tonton aliangalia kucha zake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo, hatua sita kutoka kwao, na sikusema.

Mkurugenzi alipiga muhuri wa kampuni juu ya lebo za nguo zote kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe. Lakini daftari lilitaka sahihi ya mkono ya mkaguzi, na mistari hiyo kumi na mbili ikabaki mitupu. Asubuhi, kabla gari halijafika, niligundua kwamba Mkaguzi alikuwa amefika kwa wakati kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kwamba zipu ya kila moja ya nguo zile ilikuwa imefungwa uzi mwekundu, mafundo mawili, mahali ambapo baharia asingekosa kuuona na kuuliza. Mkurugenzi alinipa mkasi. Nilizikata nyuzi zote. Mkaguzi alikuwa amekaa kando ya tangi akinitazama, na alipoona nimemaliza alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unakata vizuri. Hauharibu kitambaa."

Walimhamishia kwenye kufunga maboksi. Kila asubuhi alipita kwanza kwenye meza yake ya zamani, akamtazama mkaguzi mpya, kijana wa chuo aliyetumia sabuni ya kampuni na kutia sahihi siku hiyohiyo, akasimama hapo dakika nzima mikono nyuma, kisha akaenda kwenye maboksi yake. Yule kijana aliomba kuhamishwa kabla mwezi haujaisha. Mkurugenzi alimwita Mkaguzi ofisini akamtaka aache kusimama pale. Akajibu kwamba ndiyo njia ya kwenda chooni. Mkataba wake ulipokwisha haukufanywa upya, na siku ya mwisho aliondoka na ndoo yake ya mayonezi.

Meli ilirudi kutoka barafuni salama. Mkurugenzi alitutangazia hilo wakati wa chai, akasema mnaona, hakuna aliyekufa. Nilimpelekea Mkaguzi habari hiyo kwa simu, nikidhani itampa nafuu.

"Hakuna mwenye alianguka," alisema. "Ile ni kitu ingine."

Miaka sita ikapita. Nilikutana naye hapa na pale, kituo cha Kaskazini akisubiri treni, au sokoni. Alinisalimu vizuri na alinitania vilevile. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee, na nilisikia kwamba wazee wake walilalamika kwamba anakagua dawa zao kuliko daktari. Mimi nilikuwa nimekuwa mkuu wa stoo. Mkurugenzi alistaafu, akaja mwingine, mwanamke wa makamo mwenye utaratibu, na chini yake tukapata hatimaye nafasi ya kuvisha ile meli ya pili ya mteja yuleyule, ambayo ujenzi wake ulikuwa umechelewa. Kabla ya kutia saini, mteja aliomba kuona madaftari ya zamani, yote, yakiwa kamili. Mkurugenzi mpya alilifungua lile la mwaka ule akaona mistari kumi na mbili mitupu. Akaniuliza aliyekuwa mkaguzi yuko wapi. Akaniambia niende, kwa kuwa tunaelewana lugha, nimwombe atie sahihi zilizosahaulika. Ndivyo alivyosema, zilizosahaulika, na nadhani ndivyo alivyoambiwa.

Nikaenda mchana wa Jumamosi. Alikuwa anakaa ghorofa ya tatu juu ya duka la mikate, Molenbeek. Amekonda, miwani mipya, sweta mbili. Alinipa chai yenye tangawizi, akauliza habari za Tonton, nikamwambia amestaafu. Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko niliouweka chini ya kiti.

"Toa ile kitu. Umeikanyaga kwa mguu tangu umeingia."

Nikalitoa daftari, nikamfungulia ukurasa, nikamweleza yote bila kuficha: mteja, meli ya pili, watu waliobaki karakanani, ambao sasa walikuwa kumi na wanne. Alisikiliza hadi mwisho. Akapitisha kidole juu ya ile mistari mitupu.

"Nipe bic," alisema.

Nilitaka asaini na nilitaka asisaini. Akaandika kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, *refusé*, yaani imekataliwa, na pembeni, kifundo cha kulia. Akatia sahihi. Mstari wa pili, *refusé*, vifundo vyote viwili. Sahihi. Mstari wa tano alisita, akafumba macho.

"Hii siikumbuke ilivuja wapi," alisema. "Basi sitaandika wapi." Akaandika *refusé* tu, akatia sahihi.

Alipofika wa kumi na mbili akainua kichwa, kidole kikiwa juu ya safu iliyobaki tupu.

"Kuna kolone ya sababu. Miaka sita, Tanzanie, miye nimeitafuta ile sababu. Unajua nilifanya nini? Nilinunua mifuko ya mpira ya maji ya moto, ile ya wazee, nikapaka sabuni yangu, mu jikoni, kila samedi. Nilisema pengine yule monsieur alikuwa na haki. Pengine sabuni yangu inaona vitu visivyokuwa."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia juu ya unyevu, juu ya radieta, juu ya siku mbili. Nilimwambia kwamba aliponiuliza nilikuwa tayari najua. Nje, muuza mikate alikuwa akiteremsha pazia la chuma la duka, na kelele yake ilichukua muda mrefu kwisha.

"Kila samedi," alisema tena.

Kila Jumamosi, miaka sita. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira niliyoitarajia, bali kama alivyozitazama nguo siku ya nane. Kisha akaligeuza daftari upande wangu na kuniwekea kalamu juu yake.

"Andika."

Nikaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu wa stoo, kwamba nguo hizo kumi na mbili ziliwekwa juu ya radieta kwa siku mbili kabla ya kipimo cha pili. Nikampa. Alisoma akiwa ameshusha miwani puani.

"Ziliwekwa," alisema. "Nguo iko na miguu, ndiyo. Lakini zilipanda zenyewe?"

Nikalichukua tena. Nikaongeza: na mimi, mtunza stoo, ambaye nilijua na nilinyamaza. Nikaandika jina langu lote, majina matatu, na nikatia sahihi chini ya sahihi yake. Alisoma hadi nukta ya mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba imepita, akalifunga daftari.

"Bon. Sasa imejaa. Peleka."

"Watapoteza meli ya pili, mama."

"Ao wataziita zile kumi na mbili, watabandua buti, wabandike upya. Siku tisa. Nilisema tangu zamani." Alisimama, akanifungulia mlango. "Na wewe, wakikufukuza, usikuje hapa kulia. Kuja kula."

Nilishuka ngazi. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya Brussels isiyo na haraka. Nikafungua koti, nikaliweka daftari kifuani na kufunga vifungo vyote juu yake, maana wino wa jina langu ulikuwa bado mbichi, kisha nikaelekea karakanani kwa miguu.